Kijani cha Njegere

Oldřich Vavrečka alikuwa fundi wa meno bandia mpaka alipostaafu, na mkono wake mpaka leo hautetemeki. Wenzake wa chama cha watengeneza mifano midogo ya tramu, zile treni za barabarani, pale Ostrava walimwonea wivu kwa hilo. Boksi la mfano aliouagiza lilipofika, ndani mlikuwa na vipande vya resini ya kijivu, plastiki inayomiminwa, vimejaa vitundu vya hewa na mabaki ya kumiminia. Akaviosha kwa sabuni, akakata mabaki kwa vifaa vyake vya zamani vya meno, akaziba vitundu kwa puti, akapiga msasa hadi pakawa laini. Kazi ya mikono haikumpa taabu hata kidogo. Kilichomsumbua ni rangi.

Tramu yenyewe ilikuwa ya mji mdogo alikozaliwa, na iliondolewa barabarani yeye akiwa bado mtoto wa kaptura. Alikuwa na picha moja tu, baba yake amesimama kwenye ngazi ya tramu na mkoba wake wa tiketi, nayo ni picha ya nyeusi na nyeupe. Aliyebaki duniani wa kumweleza ni dada yake, Drahomíra, aliyekuwa akiishi Olomouc.

Kumpigia simu hakukuwa jambo jepesi. Hawakuwa wamegombana, la. Mama yao aliwafunza kwamba kumpigia mtu bila sababu ni kumsumbua, nao wakalishika funzo hilo mpaka uzeeni, watoto wazuri wale. Walipigiana Krismasi na siku za majina yao, sikukuu ambazo kalenda ya kwao humpa kila jina: la Oldřich Februari, la dada yake Julai. Katikati hapo, kimya. Tangu mkewe afariki, Oldřich aliweza kumaliza wiki nzima bila kusema zaidi ya asante kwa muuza mkate. Upweke ulikuwa umemkaba, ila angekufa kabla ya kumwambia mtu.

Akapiga mwezi wa Januari. Drahomíra akauliza nani kafa.

"Hajafa mtu, dada. Tramu ya baba ilikuwa rangi gani?"

"Wee Olda, una akili timamu kweli?" Kisha akaanza kucheka. "Kijani. Tena si cha majani, ni cha njegere zilizochemshwa zikapitiliza. Nitasahauje? Niliiegemea rangi ikiwa mbichi, nimevaa gauni langu la komunyo. Mama alinitandika, baba akacheka, naye akasemwa wiki nzima."

Oldřich alikuwa hajawahi kusikia kisa hicho. Walicheka mpaka supu yake ya vitunguu saumu ikaungua jikoni, naye hakujali. Baada ya siku chache akapiga kuuliza fremu za madirisha. Halafu viti. Kila akipiga, dada yake alimtania, akamsimulia jambo jingine la baba, na nyumba ikawa kama ina watu tena.

Lakini Drahomíra alikuwa mtu wa huruma, na huruma ndiyo iliyoharibu. Siku moja akamwambia achukue kalamu amalizie yote, asije akahangaika tena kwa ajili ya kijitramu. Akataja paa, ngazi, vishikio, hata rangi ya kengele. Oldřich aliandika huku akiona sababu zake za kupiga simu zikiisha moja moja, kisha akashukuru.

Tramu ikakamilika, ikapendeza kupita kiasi. Wenzake chamani waliizunguka wakiisifu. Akairudisha nyumbani, akaiweka mezani karibu na simu, akakaa nayo. Ilikuwa Aprili, na Julai bado iko mbali.

Jumapili moja baada ya chakula akamimina spiriti kwenye bakuli, akaizamisha tramu. Rangi ikaanza kuvimba, ikabanduka vipande vipande, resini ya kijivu ikatokea tena. Alijiona mzee mjinga, machozi yakamtoka, lakini hakuitoa bakulini.

Akapiga simu.

"Dada, rangi imebanduka. Hebu niambie tena kile kijani."

"Imebanduka yenyewe?"

Angeweza kudanganya. "Nimeibandua mimi."

Akasikia kiti kikivutwa upande wa pili, na dada yake akikaa.

"Haya," Drahomíra akasema. "Safari hii ipake polepole."