Vidonge Viwili vya Kumwota Baba

Mama yangu, Dorca, hakuwa mtu wa kuogopa. Aliwahi kumfukuza kiboko shambani kwa kugonga sufuria na kumtukana. Lakini mwaka 1987, miezi miwili baada ya kumzika Baba, nilimwona akiogopa kitanda chake mwenyewe, na hofu ile ikaniambukiza.

Kwetu mjane haingii nyumba ya mtu mpaka amwote marehemu. Akiingia kabla, nyumba hiyo inapatwa na chira, laana ambayo hukimbilia watoto. Na dada yangu Perez alikuwa amejifungua huko kwake Nyamasaria, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, mimba ikiwa ya miezi saba, na alipumua kwa shida. Kila siku Perez alimwita Mama. Mama hakwenda, kwa sababu ndoto haikuja.

Si kwamba hakulala. Tangu matanga alikuwa akimeza kidonge cha usingizi alichopewa kliniki, na akishakimeza hasikii hata paka akipindua masufuria. Balaa ilikuwa asubuhi. Aliamka macho mazito, akiburuta miguu, akitia chumvi kwenye chai. Siku moja alisinzia mbele ya jiko, na nilipoingia leso yake ilikuwa inaungua. Niliizima kwa viganja vyangu huku nikipiga kelele.

Shangazi, dada yake Baba, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alikuwa na jibu tayari kwa mama yake Perez.

"Min Perez, ndugu yangu amekushika. Mchana anakuvuta ulale, usiku anakunyima uso wake. Kuna kitu ulimkosea."

Ningeweza kumpiga. Usiku huo nilimkuta Mama ameshika vidonge viwili.

"Kimoja hakinifikishi kwake," alisema. "Labda yuko chini zaidi."

Nilimpokonya. Sikulala mpaka kukacha. Nilikaa nikisikiliza pumzi zake.

Asubuhi nilikimbia na kopo la vidonge vyake kwa Wamucii, mwenye duka la dawa mjini.

"Usingizi si kitu moja," aliniambia. "Unaenda kwa hatua, na iko hatua ya ndoto. Hii dawa inamlaza, lakini hiyo hatua inaipunguza. Halafu inabaki mwilini mpaka mchana, ndio maana anasinzia. Lakini asiache ghafla, ni hatari. Mpunguzie pole pole. Na umwambie, ndoto zikirudi zitakuja na fujo."

Nilipomweleza Mama, aliuliza jambo moja tu: "Kwa hivyo si yeye amekataa?"

Tulianza kukata vidonge kwa wembe, nusu, kisha robo. Alikesha, akatetemeka, akanigombeza bure. Kila jioni nilitoka Nyamasaria na habari ileile: mtoto bado anapumua.

Wiki ya tatu, alfajiri, Mama alipiga ukelele. Nilimkuta ameketi, gauni limelowa jasho.

"Alikuja?"

"Alikuja. Anapita kila mlango akiniita. Mimi namwona, lakini sauti yangu haitoki." Akaanza kulia. "Nyathina, mwanangu, siku zote nilifikiri amenikasirikia. Kumbe alikuwa ananitafuta, na yeye pia anaogopa."

Hakungoja chai. Tulipofika Nyamasaria, Perez alikuwa mlangoni na mtoto kifuani. Mama alisimama nje ya kizingiti, akanishika mkono mpaka ukauma. Kisha akaingia.