Nilipona kwa Makohozi ya Rafiki Yangu

Kosa ni langu. Msinitafutie shetani wala umaskini wa kulaumu. Siku hizi nikijitazama kwenye kioo natamani kukitemea mate.

Mimi ni mama wa hapa Obunga. Nakaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki wa mbuta inayobaki viwandani minofu ikishaondolewa. Kazi yetu ni moshi na mafuta moto kutwa nzima, kwa hivyo wote tunakohoa na hakuna anayeshtuka. Lakini mimi nilikuwa nimeanza kutema damu. Nilikuwa naifukia mchangani kwa kidole cha mguu, kisha narudi kugeuza samaki wa watu. Nao wanakula! Yarabi, uchafu ulioje!

Ndipo wakaja watafiti wa chuo kikuu, wale wanaotafuta njia ya kugundua kifua kikuu mapema. Mimi nilivyokonda, hawakuniuliza mara mbili. Wakanipa kikopo niwawekee makohozi ya asubuhi.

Nikaogopa. Nani atanunua samaki wa mwenye TB? Nikamwendea jirani yangu wa jikoni, nimwite Atieno. Siku watafiti walipopita alikuwa ameenda kiwandani kuchukua mifupa. Mnene, mwenye afya, kicheko chake kinasikika mpaka barabarani. Nikamwambia kifua changu kimekauka, hakitoi kitu.

"Nyamera, dada yangu, mpaka makohozi unaomba sasa?" akacheka. "Si ulete hiyo kitu!"

Akakohoa, akatema, akanirudishia huku anapangusa mdomo kwa leso. Nikaona nimewaweza wasomi.

Haikupita wiki, dada mmoja wa utafiti akaja jikoni kwangu na majibu. Una kifua kikuu, Mama, lakini kinatibika, dawa ni bure. Ugonjwa wangu niliujua, ndiyo. Lakini yale hayakuwa makohozi yangu! Aliyepatikana ni Atieno.

Sasa sikieni nilivyo mwovu. Yule dada akakaa kwenye kigoda changu, akaniuliza kwa upole, "Mama, ni nani wengine mnashinda pamoja? Hata kwa kazi. Tunataka tuwapime mapema."

Nikataja watoto wangu wote.

"Na kwa kazi?"

"Kazini kila mtu ako na sufuria yake," nikasema.

Atieno alikuwa nyuma ya bati linalotenga majiko yetu, anaimba wimbo wa kwaya. Ningesema jina lake tu, basi! Lakini angeulizwa, naye angesimulia habari ya kikopo, na mimi nilikuwa naogopa aibu.

Nikameza dawa kwa siri. Nikimeza mbele yake, nasema ni za presha. Kikohozi kikakata, mwili ukarudi, wateja wakanisifu nimependeza. Atieno naye akaanza kukonda. Mnajua nilimwambia nini? Nilimwambia ni mawazo ya mume, apunguze mawazo! Nikamnunulia dawa ya kikohozi ya chupa, akanishukuru, akaniita dada wa damu. Nilizipokea zile shukrani.

Alianguka kando ya karai la mafuta. Hospitali wakasema amechelewa, pafu moja limeharibika kabisa. Mtoto wake wa mwisho akapimwa, naye anao.

Nilienda wodini nikamwambia yote, nikilia. Nilitaka anitukane. Alijiinua kwa kiwiko, pumzi zinamkwama.

"Nilikupea makohozi yangu," akasema. "Wewe jina langu tu ilikushinda kupeana?"

Akageukia ukutani. Dawa amepata, yeye na mtoto, lakini moshi hauwezi tena. Kaka yake alikuja kutoka Muhoroni kuwachukua. Nikipiga simu, anayeshika ni kaka yake, na akisikia sauti yangu anakata.

Wenzangu, watu wa hapa bado wananisifu kwamba nilimuuguza Atieno vizuri. Wanafiki tuko wengi, na mimi ndiye mkubwa wao. Ukipewa kikopo, tema ya kwako, hata kama ni damu. Na ukiulizwa unashinda na nani, taja wote, kuanzia yule unayemwonea aibu zaidi. Aibu ya kumtaja ni ya siku moja. Mimi hii yangu naamka nayo kila asubuhi, na nikivuta pumzi inaingia vizuri kabisa.