Sifa Zilizomnyima Mjomba Pasipoti

Mjomba wangu aliendesha katapila la idara ya barabara Morogoro, na mwaka ule niliporudi likizo kutoka chuo kikuu alitaka jambo moja tu: kwenda Zambia. Mkandarasi aliyemaliza kazi upande wa Kisaki alikuwa anahamishia mitambo yake huko. Alimwahidi kibali cha kazi, mradi afike na pasipoti kabla mitambo haijashushwa.

Nilimchambulia njia nyingine, maana chuoni tulifundishwa kuchambua. Angeweza kuazimwa na serikali kwa nchi rafiki, lakini nchi rafiki zilikuwa zinaomba walimu. Angeweza kuvuka kama mgeni na kuomba kibali akiwa hukohuko. Nako kulitaka pasipoti. Pasipoti ilitaka neno la tawi la chama, na tawi lilitaka majirani wa nyumba kumi wamseme vizuri. Ujamaa ulikuwa umetuunganisha kweli: mtu mmoja hakuweza kuondoka bila mtaa mzima.

Jumapili tukakusanyika barazani kwa balozi wa nyumba kumi. Katibu wa tawi aliuliza, "Ndugu huyu ni mtu wa namna gani?"

"Unauliza!" alidakia mama jirani. "Mlima ulipoporomoka, nani alifungua barabara? Kabichi zetu zingeozea Mgeta."

"Wenzake wanavunja mitambo," akasema fundi cherehani. "Yeye anaibembeleza kama mke mdogo."

Watu wakacheka. Mjomba akainamisha kichwa, amefurahi.

"Kwa hiyo hana mbadala?" katibu akauliza.

"Hana!" tukaitikia kama mkutano wa hadhara. Na mimi nimo.

"Basi taifa haliwezi kumwachia."

Makofi yakalia. Katibu akimaliza kusema, watu hupiga makofi. Mikono haisubiri maana. Mjomba naye alipiga, kisha akaiangalia mikono yake.

Njiani mama jirani akaniuliza, "Tumemsaidia, eti?"

Nilimwambia Mjomba tungesema ni mvivu na mlevi.

"Mlevi hapewi pasipoti, wewe msomi."

"Sasa anapewa nani?"

Jibu lilikuja baada ya wiki chache. Mkandarasi alimchukua dereva mwenzake Mjomba wa idara ileile, aliyewahi kulipindua katapila mtoni. Mtaani kwake hakuna aliyeona sababu ya kumzuia. Siku mwenzake alipoondoka, Mjomba alikuwa mlimani, anasukuma tope.