Kikombe Nilichosema Kimeibwa

Mimi ndiye ninayesafisha vyombo vya kanisa letu hapa Hasamba, na tangu Jumamosi napita nyuma ya mashamba ya kahawa nisikutane na watu.

Vikombe vya Meza ya Bwana ni viwili, vya fedha, vilitoka Ulaya. Kimoja hutumika, kingine ni cha akiba. Hicho kinachotumika nilikuwa nakisugua kwa majivu na mchanga, kama mama alivyosugua sufuria zake. Siku moja kikatoka doa jekundu. Nikadhani ni uchafu, nikaongeza mchanga. Doa likazidi kukua, hata kikombe chote kikawa chekundu kama waya wa shaba. Fedha inageukaje shaba? Nilichanganyikiwa, mpaka nikajipa jibu mwenyewe: mtu amechukua cha fedha, akatuwekea cha shaba kilichopakwa rangi.

Ufunguo wa kabati anao Mzee Nzunda, mzee wa kanisa. Nikamshtaki.

Wazee walipokutana Jumamosi, mke wa Mzee Nzunda alikuwa akilia nje. Mchungaji akaniuliza ushahidi. Nikachukua kile kikombe cha akiba.

"Hii ndiyo fedha yenyewe," nikasema. "Hata nikisugua, haibadiliki."

Nikakisugua kwa mchanga mbele yao, kwa nguvu zote, huku nikimkazia macho Nzunda. Wazee wakaanza kuinamisha vichwa. Nikatazama mkononi. Ukingo wa kikombe ulikuwa mwekundu; mchanga ulikuwa umekwangua fedha ya juu, chini yake ni shaba.

"Acha kusugua, mwanangu," akasema Mzee Nzunda. "Utasema na hiki nimekiiba."