Shamba la Matoa Hunywa Mwisho

Shemeji yangu Paturusi alikuwa mtu mnyoofu hadi anachosha. Ukimpa pakiti ya sigara atakuuliza ya nini, na ukimwambia ni ya bure anakurudishia. Ndiyo maana wakulima wa mpunga wa kijiji chetu walimfanya Matoa, mgawaji wa maji ya mfereji. Sisi Wabugis tuna desturi kwamba shamba la Matoa hunywa mwisho, baada ya mashamba yote. Waliomtangulia waliitaja sana desturi hiyo kwenye mikutano. Huyu akaifuata kwelikweli, na aliyeumia ni dada yangu Sanati, mkewe.

Mwaka ule mvua ilitunyima. Mkuu wa kijiji, Haji Mappiasse, alikuwa na mabwawa ya samaki kule juu ya mfereji, na akawa anamzungukazunguka shemeji. Siku moja kwenye karamu ya harusi akamwambia, "Nifungulie maji siku mbili tu, Matoa. Na shamba lako nalo linywe, nani ataona?"

"Mungu ataona, Haji. Na mimi mwenyewe pia, maana sijapofuka."

Watu wakacheka. Haji naye akacheka, ila wali wake hakuumaliza.

Sanati hakuona cha kuchekesha. Mpunga wao ulikuwa ndio kwanza unatoa masuke, majani yameanza kujikunja. Ukifa, hawana chakula wala mbegu, na dhahabu yake ya harusi alishaiuza mwaka uliopita.

"Mwambie basi mumeo," nikamshauri.

"Nimemwambia. Ananisimulia habari za masahaba."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia masahaba nao walikuwa na wake, na wake zao walikula."

Ijumaa, wanaume wote wakiwa msikitini, dada yangu alikwenda mfereji­ni peke yake akainua ubao wa lango. Maji yakaingia shambani kwao mpaka sala ilipokaribia kwisha, akaurudisha ubao. Hotuba ya siku ile, nasikia, ilihusu amana.

Paturusi alipita shambani akitoka kusali, akakuta tope bichi. Alipomuuliza mkewe, Sanati hakumficha. Mumewe hakumgombeza. Alikaa ngazini mpaka alasiri, kisha akaita baraza.

Wanaume wakakaa mkekani ukumbini mwake. Sisi wanawake tulikuwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, tukipanga kahawa na ndizi za kuponda zilizopikwa ndani ya majani. Sanati alikuwa ametulia kabisa.

"Atasema ni yeye aliyefungua," akaninong'oneza. "Namjua mume wangu. Hawezi kuniweka uchi mbele ya watu."

Hapa lazima niseme kitu. Kwa Kibugis tunalo neno siri, lakini si la jambo lililofichwa. Siri yetu ni heshima ya mtu na aibu yake, vyote ndani ya neno moja. Mwanamume wa Kibugis huilinda siri ya mkewe kabla ya roho yake. Dada yangu alikuwa ameegemea neno hilo.

"Maji yameibwa Ijumaa," Paturusi akaanza. "Shamba lililokunywa ni langu."

Imamu Tahere, mzee mwenye huruma, akakohoa. "Wewe ulikuwa safu ya kwanza nyuma yangu. Labda ubao uliteleza, Matoa. Mbao zinateleza. Tuseme hivyo, yaishe."

Mlango huo, shemeji, pita! Nilimwomba moyoni, nimeng'ata ushungi.

"Haukuteleza, Imamu. Uliinuliwa na mke wangu, Sanati. Angekuwa mke wa mwingine ningemtaja. Kwa hiyo namtaja."

Nilimchukia. Nasema wazi, saa ile nilimchukia mtu yule na unyoofu wake wote.

Sanati hakuangusha sinia. Aliingia nalo ukumbini, akainama kama adabu inavyotaka, akamwekea kila mwanamume kikombe chake, akianza na Haji. "Karibuni, mle," akasema.

Haji alikunywa kwanza. Ndipo akasema, "Tunakuheshimu, Matoa. Umesema kweli. Lakini mtu aliyeshindwa kulinda jiko lake atalindaje mfereji wa watu?"

Nikangoja mmoja tu ainue kichwa. Wote waliokuwa mle ndani walikuwa wamenywesha mashamba yao kabla ya lake, mwaka baada ya mwaka. Wakaangalia mkeka. Lango akapewa mpwa wa Haji, na wiki haikuisha mabwawa yakajaa pomoni. Mashamba yetu yakakauka yote. La Paturusi peke yake lilisimama kijani, naye akalifungulia ng'ombe wa watu walile, kwa kuwa lilinywa maji ya wizi.

Sanati alifunga nguo zake akapanda meli kwenda Sabah, ng'ambo ya bahari, kwenye mashamba ya michikichi aliko kaka yetu. Hakuaga kwa ugomvi. Alimpikia mumewe chakula cha mchana, akaondoka.

Shemeji sasa hana kazi wala shamba, kwa sababu maji hayamfikii tena. Huja kwangu kila Ijumaa baada ya sala, anakaa, anauliza mkewe atarudi lini. Mwishowe nikapiga simu.

"Anauliza utarudi lini, dada."

"Mwambie alisema kweli," akanijibu. "Sina kinyongo naye. Basi."

Nikampelekea maneno hayo kama yalivyo. Uso wake ukafunguka, masikini, kwa mara ya kwanza tangu baraza lile.

"Umesikia?" akaniambia. "Amenielewa. Kwa hiyo atarudi."

"Hapana, shemeji," nikamwambia. "Amekuelewa, ndiyo maana harudi."