Mafuta ya Shangazi na Mtihani wa Kemia

Enzi zetu, mimi na binamu zangu tuliolelewa kwa Shangazi Somoe kule Mitwero, mafuta ya nazi hayakutoka dukani. Yalipikwa uani, na kila mtoto alikuwa na zamu yake juu ya mbuzi ya kukunia. Tulikuna huku tukiiba nazi, vidole vikichubuka, na mwisho tukagombania ukoko wa kahawia uliobaki chini ya sufuria, mtamu kushinda pipi. Asubuhi za kipupwe tuliyakuta mafuta yameganda kwenye chupa, meupe kama nta. Tukayaweka juani yayeyuke, tujipake miguu isipauke, tukimbie shule. Tuliyaona hayo mwaka hadi mwaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini.

Miaka ikaenda, nikaingia chuo cha ualimu, nikachagua kemia. Nikafeli. Mada iliyoniangusha ilikuwa ya nguvu zinazozivuta molekuli pamoja, na jinsi kitu kigumu kinavyoyeyuka, kisha kikachemka kikawa mvuke. Nikapewa mtihani wa marudio, ule tuliouita sapu. Nikianguka tena, chuo basi. Baba yangu, mkulima wa Kilangala asiye na maneno mengi, aliniambia moja tu: "Mikorosho haina sapu, Zuhura. Ukirudishwa, jembe lipo."

Nikaenda kusomea kwa Shangazi. Tulikariri kwelikweli zama zile! Nilizunguka uani na daftari, nikiyarudia maneno ya Kiingereza kama mtu anayevuta uradi, nikiogopa nikinyamaza yatamwagika. Shangazi, ambaye hakuwahi kukalia dawati maishani mwake, alikuwa amebandika tui jikoni, anapika mafuta.

"Wewe mtoto," akaniita, "hicho unachokisema unakijua?"

"Nakijua, Shangazi."

"Haya, niambie na mimi nikijue."

Nikamweleza kwamba maji ni chembe ndogo zisizoonekana, nazo zinavutana. Ukizipasha moto sana zinaachana, zinaruka, ndio mvuke. Akakoroga sufuria, akafikiri.

"Sawa. Sasa humu mna maji na mna mafuta, na moto ni huuhuu mmoja. Mbona mafuta hayaungui mpaka maji yaishe? Maji yakishakauka, nikichelewa kidogo tu, yameungua. Maji yanayazuia vipi?"

Nikafungua daftari. Palikuwa na grafu ya joto la maji yanayochemshwa, niliyoichora labda mara mia: mstari unapanda, unafika mahali unalala, kisha unapanda tena. Nilikuwa nimeikariri kama mtu anavyokariri ua la kitenge. Nikaitazama ile grafu, nikaitazama sufuria, nikarudi kwenye grafu. Nywele zikanisimama.

"Shangazi! Moto wote unaliwa na maji!"

"Unaliwaje?"

"Maji yakishaanza kuchemka, hata ukiongeza kuni, joto halipandi tena. Nguvu yote ya moto inakwenda kuziachanisha zile chembe. Zimeshikana mno! Mpaka ya mwisho iondoke, ndipo mafuta yanapoanza kupata moto wenyewe."

"Nyamaza," akasema, akainamisha sikio juu ya sufuria. Ile sauti ya kutatarika ilikuwa inapungua, inapungua, kisha ikakatika kabisa. Akaepua haraka. Mafuta yalikuwa yametulia, safi, yanang'aa kama dhahabu.

"Zimeachana," akasema Shangazi.

Subhanallah! Nilisimama pale na daftari langu, machozi yananilenga. Kitu hicho kilikuwa kikifanyika mbele yangu tangu sijaota meno, na huyu mama asiyejua herufi alikuwa akikisikiliza kwa sikio lake kila wiki.

Katika mtihani tuliulizwa kwa nini ule mstari unalala. Niliandika mpaka karatasi ikaisha, nikaomba nyingine. Nikafaulu. Nilipompelekea habari, Shangazi alisema alhamdulillahi, akanikumbatia, halafu akaniuliza: "Na kuganda, je? Kipupwe kidogo tu mafuta yameganda, maji hayagandi. Hilo hujaniambia." Ilibidi nirudi chuoni, nikachimbue vitabu, nije likizo nimwambie kuwa molekuli za mafuta ni ndefu. Hugusana ubavu mzima, na kila mguso ni dhaifu, lakini ni mingi. Alicheka sana. "Kumbe hata unyonge ukiwa mwingi ni nguvu!"

Leo Shangazi ametangulia mbele ya haki. Mafuta tunanunua, yana lebo na kifuniko cha kijani, na watoto wa nyumbani kwangu wakiiona mbuzi ya kukunia wanauliza ni kigoda cha nani. Mimi nafundisha kemia. Nikitoa swali, kabla sijafumba mdomo simu ya mtu imeshajibu, tena sahihi, bila kosa la nukta. Nawapongeza, maana wamejibu kweli. Kisha nazitazama nyuso zao moja baada ya nyingine, nione kama yupo aliyeshtuka. Vijana hawa wanajua mengi kuliko tuliyoyajua sisi, Mungu awazidishie. Ila sisi tulishangaa.