Chombo cha Anga Nimekiunda Mimi, Injinia Kaitwa Mume Wangu

Habari zenu. Admin, jina langu lifiche, ingawa watu wa Kilwa Masoko mtanijua tu nikishataja chombo chenyewe. Nijueni, nimeshachoka. Mume wangu kurasa za wanawake hasomi.

Nina miaka 31, mwaka wa sita kwenye ndoa, mtoto mmoja. Nina saluni ndogo karibu na soko, nasuka, napaka hina na piko, natengeneza kucha. Mume wangu ana kibanda cha kutengeneza simu.

Mwaka jana kaka yangu aliniletea kutoka Dar boksi la vipande vya plastiki vya kuunganisha chombo cha anga, kama vile vya kwenye filamu za watu wanaosafiri nyota hadi nyota. Mume wangu alicheka. "Mtu mzima unacheza midoli? Si umwachie mwanao!" Wateja wakipungua navikata kwa kikata kucha, navisugua kwa tupa ya kucha, nagundisha kimoja kimoja. Injini peke yake zilinimalizia Ramadhani nzima. Nikapaka rangi nyeupe tabaka jembambajembamba, nikachora mistari ya mabati kwa brashi yangu ya piko, na kwenye matundu ya moto nikapaka masizi ya sufuria ili kionekane kimetoka safari. Nilipomaliza nilikitazama nikalia. Tangu niolewe sikuwahi kumaliza kitu cha kwangu mwenyewe.

Wiki haikupita, narudi nyumbani chombo hakipo. Amekiweka kibandani kwake kwenye kabati la kioo, amekipiga picha, amerusha mtandaoni: "Kazi ya mikono yangu." Watu wakaanza kumwita Injinia, na yeye anaitika! Nilipomuuliza akasema, "Mke wangu, mimi na wewe si kitu kimoja? Sifa zikija kwangu zimekuja nyumbani." Bibi harusi mmoja niliyempamba alipita kibandani na mimi nipo, akaitazama ile mistari akaniuliza, "Dada, hii si piko yako?" Kabla sijafungua mdomo mume wangu akadakia, "Huyu alikuwa ananiwashia feni rangi ikauke." Wakacheka wote. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe.

Sasa kuna kituo cha vijana huko Lindi kimemwalika Jumamosi hii aunganishe na kupaka rangi chombo kingine mbele ya watu. Akifanya vizuri wanampa kazi ya kufundisha. Juzi akaja na daftari, mpole kama mgeni. "Mke wangu, nielekeze basi." Wallahi roho ililainika. Nikamwambia nitamfundisha yote, ila twende wote na awaambie kile cha kwanza nilikiunda mimi. Akaguna. "Nitawaambia wewe ni msaidizi wangu. Utanishikia brashi."

Nikasema sawa baba, andika. Akauliza plastiki inasafishwa na nini kabla ya rangi. Nikamjibu asetoni, ile ya kutolea rangi ya kucha. "Lowanisha pamba hasa, sugua bila kuogopa, mpaka ing'ae." Akaandika, akapigia mstari. Jamani, asetoni inakula ile plastiki! Mimi mwenyewe bawa langu la kwanza liliyeyukia vidoleni likawa kama bazoka iliyotafunwa, ikabidi nichonge jingine. Dawa ya moto ni moto. Nimempa chupa nzima kutoka saluni, nimeipanga kwenye begi lake kwa mkono wangu.

Mama mkwe anakwenda, na mashangazi zake kutoka Nangurukuru wanakwenda. Mimi nimeshona gauni, nataka kiti cha mbele. Najua akiaibika pale kazi hapati, na akigundua ni mimi, talaka naiona hii hapa. Lakini nikimwambia ukweli, atarudi na kazi na jina la Injinia, na mimi nitabaki mwasha feni maisha yangu yote. Kinachonitisha ni kwamba nalala usingizi mzuri sana wiki hii.

Wa kuniambia "samehe dada" wasijisumbue. Kusamehe nitasamehe, dini yangu naijua. Nishaurini jambo moja tu: nimsamehe Ijumaa, au nimsamehe Jumapili?